Malaria Iko Kwetu, Makala Ziko Kwao

Wandugu, tuanze na kidole.

Kila mama wa Nyabiondo anajua kazi hii. Mtoto amelala na homa usiku mzima, asubuhi anabebwa mgongoni mpaka kituo cha afya. Muganga anashika kidole, anapanguza, anachoma. Tone la damu linaingia kwenye TDR, mnangoja dakika 15. Mistari miwili ikitokea, ni malaria. Kama dawa iko, mtoto anapewa. Kama haiko, mama anapewa karatasi akatafute mwenyewe.

Lile tone ni dogo sana. Lakini kuna matone yanayosafiri kuliko mwenye kidole. Siku watu wa utafiti wanapopita, tone lingine linawekwa kwenye kikaratasi, linakauka, linaingia ndani ya bahasha, linafika Kinshasa, linapanda ndege, linaishia kwenye labo ya Ulaya ama Marekani. Miaka miwili ama mitatu baadaye linakuwa makala ya utafiti ndani ya jarida kubwa, kwa Kiingereza. Mwenye kidole, kama angali hai, hajui damu yake ilisema nini.

Sisi tunaoandika hapa ni vijana wa Nyabiondo, upande ule wa Masisi ambapo barabara inaanza kushuka kwenda pori la Walikale. Tumesoma. Kati yetu kuna waliosoma afya ya jamii, biolojia, takwimu, sheria. Diplome zetu ziko ndani ya plastiki, juu ya mvua na juu ya vita: saa ya kukimbia, ndiyo kitu cha kwanza kubeba. Kazi hakuna. Basi wakati tunao. Na siku tukipata mega kidogo kwenye simu, tumekuwa tukisoma yale dunia inayoandika juu ya malaria. Tunataka kuwaambia tulichoona, juu kinatugusa sisi wote, hata wewe uliye Goma, Bukavu ama Kinshasa na unafikiri malaria ni homa ya kawaida tu.

Makala zinaongezeka, vifo vimegoma kushuka

Jambo la kwanza: malaria si ugonjwa uliosahauliwa na waandishi. Hapana. Tangu mwaka 2000 makala juu yake zimeongezeka sana. Mwaka ule marais wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kuipunguza. Mwaka 2002 Mfuko wa Dunia ulianzishwa, jarida la Malaria Journal likazaliwa kwenye intaneti, na wanasayansi wakatangaza ramani nzima ya jeni za kimelea cha malaria na za mbu anayekibeba. Pesa ilikuja, na penye pesa ya utafiti kalamu hazikosekani. Leo makala zinatoka kwa maelfu kila mwaka.

Na tuseme ukweli: kazi hiyo haikuwa bure. Kwa hesabu ya OMS, mwaka 2000 malaria iliua watu zaidi ya 860,000 duniani. Kufika 2015 walikuwa wameshuka chini ya 600,000. Vyandarua vyenye dawa, TDR, dawa zenye artemisinini: vyote vilitoka kwenye utafiti, na kila mmoja wetu ana ndugu aliyepona juu ya vitu hivyo. Sisi si watu wa kutukana sayansi. Tumeisomea.

Lakini tangu 2015 namba imegoma. Mwaka 2023 OMS ilihesabu vifo 597,000, na 95% vilikuwa Afrika. Kati ya vifo hivyo vya Afrika, robo tatu ni watoto wasiofika miaka mitano. Makala zinaendelea kupanda, vifo vimesimama palepale. Mtu yeyote anayelima anaweza kuuliza swali hili: kama kila mwaka unaongeza mbegu na mavuno hayaongezeki, je, unapanda pale penye udongo, ama unapanda pale unapofika kwa urahisi?

Kongo ni ya pili kwa wagonjwa, si ya pili kwa utafiti

Nchi yetu ni ya pili duniani kwa malaria, nyuma ya Nigeria. Karibu 12% ya wagonjwa wote wa dunia ni Wakongo. Kama utafiti ungefuata wagonjwa, basi kila jaribio kubwa la malaria lingeanzia kwetu ama lingepita kwetu.

Angalieni chanjo. Chanjo ya kwanza, RTS,S, ilipitia jaribio lake kubwa la mwisho kati ya 2009 na 2014, katika nchi saba: Burkina Faso, Gabon, Ghana, Kenya, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Kongo haimo. Chanjo ya pili, R21, ilijaribiwa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania. Kongo haimo tena. Chanjo yenyewe ilianza kutolewa kwetu mwisho wa mwaka 2024, huko Kongo Central, upande wa bahari. Kutoka kule mpaka Nyabiondo ni nchi nzima ya kuvuka.

Hatusemi Kongo haimo kabisa. Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilitoa makala ya jaribio lililofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwemo. Jaribio lile lilionyesha kwamba artesunate ya sindano inaokoa watoto wenye malaria kali kuliko kinini. Ndiyo maana leo muganga anaitafuta artesunate kwanza. Lakini kwa upande wa Kongo, watoto wale walikuwa wa Kinshasa. Watafiti walienda pale ndege inapotua, umeme unapopatikana na friji inaposhika baridi. Tunaelewa sababu. Tunakataa tu sababu hiyo iwe sheria ya milele.

Woga unaandika haraka

Watatuambia: "Kwenu kuna vita. Nani atakuja kufanya utafiti Masisi?" Wandugu, jibu liko hapa hapa Kivu Kaskazini.

Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina. Kufika Juni 2020 watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Tunawalilia wote. Lakini tazameni kilichotokea. Novemba 2018, katikati ya risasi, lilianza jaribio la dawa za Ebola kule Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Vituo vilishambuliwa, vilichomwa, na jaribio likaendelea. Wagonjwa 681 waliingia ndani yake. Desemba 2019 matokeo yalitoka katika jarida kubwa la Marekani, na jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi ni la Mkongo, Daktari Sabue Mulangu wa INRB. Dawa mbili zilipatikana. Moja ilitokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Basi vita haizuii utafiti. Vita inazuia utafiti wa ugonjwa ambao hauogopeshi watu wa mbali.

Na katika Ebola ile ile, malaria ilijitokeza. OMS ilisema kwamba karibu nusu ya watu waliopimwa kwenye vituo vya Ebola walikuwa na malaria. Homa ilikuwa homa, na kila homa ilipelekwa kituoni kwa woga wa Ebola. Mwisho wa Novemba 2018 ikaanzishwa kampeni ya kugawa dawa za malaria na vyandarua Beni, kwa watu mpaka 450,000. Nyumba kwa nyumba! Sisi Nyabiondo tulisikia habari ile tukajiuliza: kumbe inawezekana? Kumbe dawa inaweza kufika mlangoni, barabara mbaya au nzuri? Ndiyo, iliwezekana, juu malaria ilikuwa inasumbua kazi ya Ebola.

Mfano mwingine ni wa juzi. Mwisho wa 2024, kule Panzi katika Kwango, watu walianza kufa, wengi wao watoto. Wagonjwa zaidi ya 400. Ugonjwa haukuwa na jina, magazeti ya dunia yakauita "ugonjwa X". Wiki mbili hivi jina la Panzi lilikuwa katika kila redio. Wataalamu wakatumwa. Damu ya wagonjwa 12 wa kwanza ikapimwa: 10 walikuwa na malaria. Wizara ya Afya ikatangaza ni malaria kali, iliyokuja pamoja na matatizo ya kupumua na utapiamlo. Siku ile ile habari ilipoa. Walipokufa kwa ugonjwa usiojulikana, walikuwa habari. Walipojulikana wamekufa kwa malaria na njaa, wakawa Wakongo wa kawaida.

Malaria haivuki bahari kwenda kuwatisha wenye majarida. Ndiyo kosa lake.

Nani anaweka jina

Mwaka 2019 jarida la BMJ Global Health lilitoa hesabu ambayo kila mwanafunzi wa Kongo angepaswa kuijua. Watu walichukua makala 7,100 za utafiti wa afya uliofanyika Afrika kati ya 2014 na 2016, wakahesabu majina. Kwa jumla, zaidi kidogo ya nusu ya waandishi wa kwanza walikuwa wa nchi ile utafiti ulipofanyika. Lakini pale ambapo vyuo vikubwa kabisa vya Marekani vilishiriki, waandishi wa kwanza wa nchi yenyewe walikuwa 23% tu. Yaani mgeni akiwa mkubwa, mwenyeji anapungua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, akaandika, akaenda, na mwenyeji anaendelea kutetemeka na homa.

Tuongee ya kwetu wenyewe. Kati yetu kuna waliowahi kufanya kazi ya siku chache na timu moja ya utafiti. Hatutaji jina, juu shida si timu ile peke yake, ni desturi. Tulipewa koti, kalamu na orodha ya maswali. Tulitembea kijiji kwa kijiji, tukavuka bariere, tukatafsiri maswali kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, na kutoka Kiswahili kwenda Kihunde kwa wazee. Tuliwaambia wamama: "Mtapata majibu." Sisi ndio tuliosema hivyo, kwa mdomo wetu, juu sisi pia tuliambiwa hivyo. Tukalipwa kwa siku, tukasaini, ikaisha. Mpaka leo mama mmoja akikutana nasi sokoni anauliza: "Banangu, yale majibu yalifika wapi?" Tunaangalia chini. Aibu ile si yetu, lakini tunaibeba sisi, juu sisi ndio tunaokaa naye.

Na kuna makosa ya nyumbani pia, tusijifiche nyuma ya mzungu. Kila mwaka vyuo vya nchi hii vinapokea TFC na memwari nyingi juu ya malaria. Mmoja wetu aliandika yake juu ya namna familia zinavyotumia chandarua: nani analala ndani, nani anakifanya uzio wa kuku, na kwa nini. Alitembea kwa mguu, alilipa kwa pesa ya mbuzi wa mama yake. Alitetea, akapigiwa makofi, kitabu kikawekwa kwenye kabati, kabati likafungwa. Akaambiwa: kama unataka kuchapisha, fanya hivi, lipa hivi, na jina la mkubwa litangulie. Akaacha. Kazi ile haisomwi na muganga wa Nyabiondo, wala na profesa wa London. Panya ndio wasomaji wake.

Tuko na kizuizi kingine: lugha na mlango. Majarida makubwa ni ya Kiingereza. Sisi tulisomeshwa kwa Kifaransa. Wagonjwa wanaongea Kiswahili na Kihunde. Makala nyingi za malaria siku hizi zinasomwa bure, hilo ni jambo zuri. Lakini kusoma bure kunalipiwa na anayeandika, na katika majarida mengi bei inazidi dola 2,000 kwa makala moja. Kwa nchi maskini kama yetu kuna msamaha, ndiyo, lakini nani alituambia? Katika miaka yote ya chuo, hakuna mwalimu hata mmoja aliyetufundisha namna ya kuomba msamaha ule. Mlango uko wazi, na ufunguo wa kujua kwamba uko wazi umefichwa.

Kwa nini hili linaua

Kuna atakayesema: "Ninyi mnagombania majina kwenye karatasi, na watoto wanakufa." Hapana, ndugu. Karatasi na kifo ni njia moja. Sikiliza.

Wazazi wetu walipokuwa watoto, malaria ilitibiwa kwa nivakini. Ilikuwa chungu lakini ilifanya kazi. Polepole kimelea kikaizoea. Watoto wakameza dawa na homa haikushuka. Ilichukua miaka mingi mpaka nchi ikakubali kuiacha, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Dawa iliyofuata nayo haikudumu, na mwaka 2005 tukaingia kwenye dawa za pamoja zenye artemisinini, hizi tunazomeza leo. Katika miaka ile ya kungoja, watoto walikufa huku wamepewa dawa "sahihi". Hawakufa juu dawa ilikosekana. Walikufa juu hakuna aliyepima mapema, akaandika mapema, akasikilizwa mapema.

Sasa tazama jirani. Mwaka 2020 watafiti walitangaza Rwanda kuna vimelea vyenye badiliko la jeni linalofanya artemisinini iviue polepole zaidi. Mwaka 2021 ikathibitishwa kaskazini mwa Uganda. Kisha Tanzania, mkoa wa Kagera, unaopakana na Rwanda. Wote hao ni majirani zetu wa mashariki. Na utafiti uliotoka 2020 katika jarida la Nature Communications, uliotumia damu ya Wakongo iliyokusanywa katika uchunguzi wa nchi nzima wa 2013-2014, ulionyesha kwamba Kongo iko katikati, kama mgongo wa mlima: upande mmoja vimelea vinafanana na vya Afrika ya Magharibi, upande mwingine, yaani kwetu, na vya Afrika ya Mashariki. Kwa maneno mengine, damu yetu imeshasema kwamba kinachotokea Uganda na Rwanda kinatuhusu.

Kimelea kinavuka mpaka ndani ya damu ya abiria. Hakionyeshi jeto, hakilipi kitu kwenye bariere. Kutoka Goma kinapanda lori la mihogo, kinapita Sake, kinapita Masisi, kinafika sokoni kwetu. Kinaingia ndani ya kambi za waliokimbia vita, ambako familia nzima inalala chini ya turubai moja. Siku dawa itakapoanza kuchelewa kuponya hapa Nyabiondo, nani atajua? Muganga ataandika kwenye rejista: "amerudi na homa". Ataandika mara kumi, mara hamsini. Rejista itajaa, itawekwa juu ya nyingine. Majirani wana makala. Sisi tuko na rejista zinazolowa.

Na uchunguzi ule wa nchi nzima uliotoa damu ile ulikuwa chini ya programu iliyolipiwa na Marekani. Februari 2025 programu hiyo ilisimamishwa duniani kote, wakati Washington ilipoamua kuifunga USAID. Saini moja ya mtu wa mbali, na darubini ya nchi nyingi ikazimwa. Mwenye kuazima macho, siku mwenyewe akiyataka, anabaki kipofu.

Ifakara ilikuwa kama sisi

Hatutaki kulia tu. Kuna mahali panaitwa Ifakara, Tanzania, katika bonde la Kilombero. Ulikuwa mji mdogo wa wakulima wa mpunga, mbali na Dar es Salaam, mbu kila kona. Miaka ya 1950 Waswisi walifungua labo ndogo pale. Labo ile ilikua, Watanzania wakaishika, leo ni taasisi inayojulikana kila mahali malaria inapotajwa. Katika miaka ya 1990 waligawa na kuuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, wakahesabu watoto. Makala yao ya 2001 katika The Lancet ilionyesha kwamba kwa watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo nafasi ya kuishi iliongezeka kwa 27%. Kenya nao, mji wa Kilifi, kituo kimekuwepo tangu 1989.

Ifakara haikuwa na watu wenye akili kuliko Nyabiondo. Ilikuwa na amani, na ilikuwa na kituo ambacho hakikuondoka mradi ulipoisha. Na sisi hatuanzi na mkono mtupu. Karibu na Bukavu iko Lwiro, kituo cha utafiti kilichoachwa na Wabelgiji, ambacho Wakongo wanakishikilia mpaka leo kwa mshahara wa shida. Goma iko labo ya INRB. Vyuo viko. Vijana waliosoma wako, wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya kioski cha simu, wanangoja.

Tunachodai

Kwa watafiti wote, wageni na Wakongo: kabla ya kuchukua damu, semeni majibu yatarudi lini na kwa lugha gani. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, ubandikwe kwenye kituo cha afya, uelezwe kanisani na sokoni. Kama hamuwezi kuandika ukurasa ule, msichome kidole cha mtu.

Kwa watafiti tena: muganga wa kituo, mtu wa labo, RECO na kijana aliyekusanya data si wabeba mizigo. Aliyefanya kazi ya akili aingie kati ya waandishi. Mkitafuta watu wenye diplome, waulizeni wa pale kwanza, kwa mkataba ulioandikwa.

Kwa vyuo vyetu: fungueni makabati. TFC na memwari za afya ziwekwe kwenye intaneti, bure. Na mfundishe namna ya kuchapisha na namna ya kuomba msamaha wa bei, kama mnavyofundisha namna ya kuweka kichwa cha barua.

Kwa Wizara ya Afya na programu ya taifa ya kupambana na malaria: tangazeni namba za malaria kwa kila zoni ya afya, kila mwezi, pale raia anapoweza kuzisoma. Na dawa zipimwe nguvu yake hapa Masisi na Walikale, kabla watoto hawajatupimia.

Kwa wote wenye bunduki, wa upande wowote: sanduku la dawa si mateka, na rejista ya kituo cha afya si karatasi ya kuwashia moto. Mkipita, viacheni.

Na kwetu sisi wenyewe, vijana: tuache kungoja kuitwa. Sisi tumeanza na kitu kidogo. Kwa ruhusa ya muganga, tunanakili hesabu za rejista za malaria, namba tu, bila majina ya wagonjwa: wangapi walipimwa, wangapi walikuwa na malaria, wangapi walirudi na homa baada ya dawa. Hatutoi namba hizo leo, juu hatujamaliza kuzihakikisha, na hatutaki kuwa kama wale wanaopiga kelele na namba za kubahatisha. Tutakapomaliza tutazisoma kwanza pale kituoni, mbele ya wamama, kwa Kiswahili. Kisha tutaziandika kwa Kifaransa. Kisha tutatafuta wa kutusaidia kuziandika kwa Kiingereza, na majina yetu yatakuwa juu, pamoja na la muganga.

Wewe uliye Goma na unajua takwimu, tusaidie. Wewe uliye Kampala ama Nairobi na unajua Kiingereza cha majarida, tusaidie. Wewe uliye Sake, Kitshanga, Pinga, Walikale, nenda kituo cha afya cha kwenu kesho, uliza rejista ya mwaka jana iko wapi. Swali lile peke yake ni mwanzo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mama yule wa sokoni bado anangoja majibu. Safari hii tunataka kumwangalia machoni.

Vijana wa Nyabiondo